Majina ya Vijana wa Lubondja

Baraka, tarehe 9 Machi 2003

Mudogo wangu Norbert,

Amani ya Bwana ivuke ziwa, ikukute na afya na tumbo yenye kushiba. Sisi huku tuko bazima. Ni magoti ya Mama tu inamusumbua juu ya mvua, na mvua haijataka kukatika. Kila siku ananiuliza kama unakula. Niandikie kitu cha kumujibu.

Disketi zako tatu zimefika. Mwenye mutumbwi wa Kazimia alizifunga ndani ya mufuko wa chumvi, akafikiri anazilinda. Moja imekufa, mbili zinafanya kazi. Alhamisi Pastor aliwasha jenereta, tukaweka disketi ndani ya ile mashini ya ofisi ya kanisa, na vitu vikafunguka mbele yetu: nyimbo, masomo ya vijana, maswali na majibu, yote kwa Kiswahili. Batoto walijaa mupaka kwa dirisha. Dieumerci akauliza, "Yaya Émilienne, nani alibalipa bale baliandika hivi vyote?" Nikamuambia hakuna mutu alilipwa, ni bantu banajitolea, na mudogo wangu ni mumoja wao. Nilijivuna kidogo, mi dada yako mukubwa, Mungu anisamehe.

Sasa nisikilize. Kuna sehemu moja ndani ya hiyo programu, sehemu ya kuandika majina ya vijana. Unajua kikundi chetu vile vita ilikitawanya. Bengine bako ng'ambo kwa kambi ya bakimbizi ya Lugufu, bengine ya Nyarugusu, bengine hatujue kama bako. Na hawa nilionao hapa, nusu yao hawajue bazazi bao balikimbilia wapi. Nikiandika majina yao kwa mashini, kuna njia bazazi ba ng'ambo bayaone? Jibu upesi. Tangu Alhamisi situlii.

Yaya yako,
Émilienne

*

Kigoma, tarehe 2 Aprili 2003

Yaya yangu mpendwa,

Nimeipokea barua yako nikiwa mzima kabisa, na mwambie Mama ninakula hata ugali wa jana. Ajipake mafuta ya mawese ya moto magotini, asingoje mvua iishe.

Swali lako limenifanya niruke. Ndiyo, Yaya, njia ipo! Hiyo programu tumeitengeneza watu kumi na mmoja, na wengi wetu hatujawahi kuonana uso kwa uso. Yupo Aline wa Bujumbura, aliyetafsiri masomo. Yupo mzee mmoja mwalimu wa Kanada, aliyestaafu, ambaye hata Kiswahili hakijui lakini anajua kuzuia mashine isiharibu kazi ya watu. Mimi kila nikitoka kazini naenda ofisi ya intaneti hapa mjini, naketi mpaka wanifukuze. Sehemu ya majina ni mimi niliyeiandika. Mimi mwenyewe!

Tufanye hivi. Wewe jaza majina, nitumie kwa disketi. Mimi nitayaweka kwenye ukurasa wetu wa intaneti, na mtu yeyote popote alipo ataweza kuyasoma. Mchungaji wa Lugufu ameniahidi kwamba atayachapa na kuyasoma baada ya ibada. Jaza kila kitu: jina, umri, jina la mama na baba, mahali alipozaliwa, na nyumba anayokaa sasa. Usiruke nafasi hata moja, kwa sababu nimeiamuru programu ikikuta nafasi tupu ikatae kuhifadhi. Mzazi anataka kujua mtoto wake yuko mlango gani.

Fanya haraka, Yaya. Ninakungoja kama mwenye njaa.

Mdogo wako,
Norbert

*

Baraka, tarehe 18 Mei 2003

Mudogo wangu,

Nakusalimu kwa furaha, halafu kwa woga. Anza na furaha. Mama ametembea mupaka kanisani kwa miguu yake, dawa yako ya mawese imefanya kazi.

Majina ya Baraka uliyoyaweka mwezi uliopita yamezaa. Juzi mutumbwi ulileta barua kutoka Lugufu, juu yake imeandikwa: *Kwa Dieumerci, mutoto wangu.* Miaka tano, Norbert! Alikuwa na miaka kumi wakati balitengana kwa ile mukimbio. Aliisoma amesimama katikati ya kiwanja, akaikunja, akaniletea: "Yaya, nisomee tena, labda mi nimesoma mubaya." Nikamusomea. Akaketi chini kwa udongo na suruali ya ibada. Tangu siku hiyo, bamama banakuja kwangu na majina kama bale banaleta mbegu.

Basi nikaenda kijiji cha Lubondja, kuandika vijana ba kule. Evanjelisti Jacques alinipokea, na ndani ya nyumba yake nikamukuta Muhire. Sijui kama unamukumbuka, ule kijana wa Minembwe, kule milimani, aliyeshuka kusoma huku mbele ya vita, mwenye sauti nzito kwa kwaya. Vita ilipoanza, bantu balianza kumuita adui juu ya luga ya mama yake. Jacques amemuficha miaka yote hii, analima naye muhogo, majirani banamuita mutoto wa dada yake na kunyamaza.

Nilitaka kumuandika kwa jina ingine. Akakataa. "Yaya, mama yangu hajue kama niko muzima. Akisikia jina ingine, itamusaidia nini? Andika Muhire, mutoto wa Mukarurangwa, wa Minembwe."

"Na bale ba bunduki bakiisoma?"

"Bale banasomaka nini?" Akacheka. Jacques hakucheka.

Nikaandika. Kwa mashini nilitaka kuacha nafasi ya nyumba wazi, programu yako ikakataa. Ikanikatalia mara tatu. Jenereta ilikuwa karibu kuzima, nikaandika: Lubondja, kwa Jacques.

Kwa hiyo shika hili neno vizuri. Majina ya Lubondja usiyaweke kwa intaneti. Hata moja. Muambie Aline peke yake kuhusu Muhire, atafute bantu ba Minembwe benye kukaa Bujumbura, bapeleke habari kwa mama yake mudomo kwa mudomo. Yale mengine tutatafuta njia. Disketi imetangulia jana na Bonaventure mwenye mutumbwi, juu alikuwa na haraka ya kuvuka. Barua hii inapita Kazimia kesho. Lakini juu ya disketi nimeandika kwa herufi kubwa: SOMA BARUA KWANZA.

Yaya yako mwenye kukupenda,
Émilienne

*

Kigoma, tarehe 3 Juni 2003

Yaya mpendwa,

Hamjambo huko? Mimi sijambo, ila usingizi umenikimbia kwa furaha. Bonaventure amefika na disketi ya Lubondja. Barua yako bado, wanasema njia ya Kazimia imefungwa kwa sababu ya mapigano na mitumbwi imekwama. Natumaini wewe na Mama hamguswi na hayo.

Sikutaka kuwachelewesha watu. Mchungaji wa Lugufu alikuwa akingoja majina ya Jumapili, kwa hiyo nimeyaweka yote thelathini na moja. Yaya, laiti ungeona! Siku ya pili tu Aline akaniandikia: bwana mmoja wa Minembwe, anayefanya biashara Bujumbura, ameliona jina la Muhire akalia mbele ya kila mtu pale kwenye mashine. Amepata mtu anayepanda milimani na ng'ombe, amempa ujumbe kwa mama yake. Mama Mukarurangwa atakuwa amesikia sasa kwamba mwanawe ni mzima na anakaa Lubondja.

Nchi tisa zimefungua ukurasa wetu. Yule mzee wa Kanada ameandika kwamba katika miaka yake yote ya kujitolea hajaona kitu kama hiki. Wananialika Dar es Salaam mwezi wa tisa nikaeleze.

Niandikie. Kimya chako kirefu.

Mdogo wako,
Norbert

*

Baraka, tarehe 6 Julai 2003

Norbert,

Mama ni muzima. Salamu ingine itangojea.

Ondoa yale majina. Ukisoma hii barua umesimama, usiketi kwanza, enda uyaondoe.

Siku ya Jumanne iliyopita balifika Lubondja saa ya soko, bantu ba bunduki, kama makumi ine. Sitaandika ni ba upande gani, barua inaweza kufunguliwa njiani. Balikuwa na karatasi. Norbert, karatasi ya mashini, yenye kuchapwa, na alama ya programu yenu juu yake. Mukubwa wao akasimama juu ya meza ya muuza samaki akaanza kuita, kama mwalimu anaita darasa: jina, umri, mutoto wa nani, nyumba ya nani. Haikuwa lazima baulize mutu. Haikuwa lazima batafute. Kila mulango balienda mulango wa kweli.

Balichukua vijana kenda ba kubeba mizigo. Bengine balikimbilia porini, na hawajarudi. Evanjelisti Jacques balimupiga na kumuvunja mukono juu ya Muhire. Kuhusu Muhire, mumoja anasema alitoroka, mwingine anasema balimuchukua. Mama mumoja alikuja mupaka huku Baraka kwa miguu, akasimama mbele yangu, akasema, "Ni wewe ulikuja na kitabu yako, ukasema ni ya bazazi." Kisha akaondoka.

Hapa kwetu vijana hawaji tena kanisani. Jana tulikuwa sita. Dieumerci ameondoka kuvuka kwa mama yake, na ni vizuri. Pastor na mimi tumefuta kila jina ndani ya mashini, na daftari yangu nimeitia ndani ya moto ya kupikia sombe, ile majani ya muhogo, Mama akiniangalia.

Niliandika juu ya disketi. Niliandika kwa herufi kubwa. Uliona au hukuona?

Émilienne

*

Kigoma, tarehe 19 Julai 2003

Yaya,

Sijui nikusalimu vipi. Barua yako ya Mei ilinifikia tarehe 14 mwezi huu, ya Julai siku iliyofuata. Miezi miwili ile ya kwanza ilikaa Kazimia.

Niliona.

Niliyasoma maneno yako juu ya disketi nikiwa palepale ufukoni, Bonaventure bado anafunga kamba. Nikajiambia, barua itakuwa na salamu na habari za magoti ya Mama, nitaisoma ikija. Nilitaka Jumapili ya Lugufu isipite. Na nilitaka kusifiwa, Yaya. Hilo ndilo sikuliandika ile siku.

Ukurasa niliufuta saa ileile. Lakini yule mzee wa Kanada alikuwa ametunza nakala mahali pengine pawili, ili kazi yetu isipotee hata mashine moja ikifa. Alifanya hivyo kwa wema. Nilimwandikia, hakujibu siku ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu. Nilikuwa naingia pale ofisini asubuhi na kuliona jina la Muhire bado limekaa, na nyumba ya Jacques. Siku ya nne akajibu, akafuta, akaomba radhi kwa maneno mengi. Karatasi iliyochapwa hakuna mtu wa kuifuta.

Kisha nikafungua programu na kuondoa ile amri yangu ya kukataa nafasi tupu. Imenichukua dakika kumi. Dakika kumi tu, Yaya.

Dar es Salaam siendi. Nimeacha kazi. Ninavuka Jumatatu na Bonaventure, nitashukia Kazimia na kwenda moja kwa moja Lubondja. Usinikataze. Najua utanikataza, ndiyo maana nakuandikia siku mbili kabla.

Mdogo wako,
Norbert

*

Juu ya Minembwe, tarehe 21 Septemba 2003

Yaya yangu,

Natumaini wewe na Mama mnalala salama. Mimi nina baridi na kikohozi, lakini niko mzima. Anayekuletea barua hii ni mchunga ng'ombe, mpe chakula.

Najua nilipita Lubondja bila kufika Baraka. Sikuweza kuingia nyumbani na kumsalimu Mama kabla ya kumaliza hili.

Lubondja niliketi kwa Jacques wiki saba, nikamlimia, maana mkono wake wa kulia umeunga vibaya. Siku ya kwanza nilimwambia mimi ni nani. Akaniambia, "Ingia ndani kwanza, jua inakuchoma." Nyumba nyingine hazikunifungulia, na sikuzilaumu.

Jacques ndiye aliyenieleza. Muhire alikuwa ametoroka kweli. Alikuwa tayari katikati ya mihogo, ng'ambo ya kijito, na hakuna aliyemwona. Wale wa bunduki wakamlaza Jacques mbele ya mlango, wakaanza kumpiga, wakiuliza, "Iko wapi?" Jacques akawa anajibu, "Sijue." Walipomvunja mkono alipiga kelele, na Muhire akaisikia. Akatoka mihogoni akitembea, mikono juu. Akasema, "Mumuache mutumishi wa Mungu. Muhire ni miye." Wakamfunga, wakampa gunia la risasi abebe, wakaenda naye upande wa Kilembwe.

"Nilimukasirikia sana," Jacques akaniambia. "Mi niko mzee, mukono ni kitu gani? Angebaki mihogoni."

Halafu akaniomba jambo moja: mtu apande kwa mama yake. Yeye hawezi kupanda. Nikapanda mimi. Siku tatu. Mara mbili vijana wenye mikuki na bunduki walinisimamisha, wakaniuliza Mubembe kama mimi, mtu wa ziwani, anatafuta nini juu huku, na mara zote mbili nilitaja jina la Mukarurangwa, wakanisindikiza.

Ni mwanamke mrefu, mwembamba, hasemi sana. Alikuwa ameandaa kitanda, Yaya. Kitanda chenye shuka, kando ya ukuta. Yule mtu wa ng'ombe alikuwa amemfikishia habari njema mwezi wa sita, na tangu hapo alikuwa akimngoja mwanawe apande. Habari ya Julai haikuwa imemfikia. Mimi ndiye niliyeileta.

Nilimweleza yote, tangu mwanzo, mchungaji wao akitafsiri pale Kiswahili changu kilipokwama. Nilipofika kwenye disketi, mchungaji alisita, akaniangalia kama anayeuliza, hilo nalo nilitafsiri? Nikasema, litafsiri.

Mchungaji akalitafsiri. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili yeye mwenyewe, "Ni wewe uliandika jina ya mutoto wangu?"

"Ni mimi niliyeliweka, mama."

"Uliiandika vizuri?"

Sikuelewa. Akaichora kwa kidole juu ya goti lake, herufi kwa herufi. Nikasema ndiyo, hivyohivyo. Akasema, "Huko chini banaiandikaka mubaya kila siku." Akafunika uso kwa kitambaa chake na kulia, na wanawake wa nyumba wakaja kuketi naye. Mimi nikatoka nje kusimama na ng'ombe.

Jioni alituma niitwe. Hakunisamehe, nisikudanganye. Alisema tu: "Uliweza kumuonyesha kwa bale banamutafuta mubaya. Sasa mutafute muzuri." Akanipa blanketi.

Kesho nashuka upande wa Kilembwe. Nitauliza soko kwa soko. Sitaandika jina lake mahali popote, nitauliza kwa mdomo.

Mwambie Mama nakula.

Mdogo wako,
Norbert

*

Baraka, tarehe 11 Januari 2004

Mudogo wangu Norbert,

Nakusalimu popote ulipo, kwa nyumba ya mutu au chini ya muti. Barua hii nimeiandika mara tatu, maneno yaleyale. Moja inaenda Kilembwe na muuza chumvi, moja Lulimba na mwalimu mumoja, moja Kazimia kwa Bonaventure akikuona ukitaka kuvuka. Ukipata moja, usingojee zingine.

Tangu ile barua ya Minembwe hatujapata neno lako. Mwezi wa kumi na moja mutu mumoja alisema alikuona kwa soko ya Kilembwe, umekonda, unauliza bantu kuhusu kijana mwenye sauti nzito. Baada ya hapo, kimya. Mama ameacha kuuliza kama unakula. Sasa anakaa tu kwa mulango.

Aline wa Bujumbura ametuandikia kupitia Pastor. Anasema: tuweke jina ya Norbert kwa ukurasa, na picha yake, na mahali alionekana mara ya mwisho, labda mutu atamuona. Nilikaa na karatasi yake siku mbili. Nikatembea nayo mupaka kwa ziwa, nikarudi nayo. Nikakataa. Sijui kama nilifanya vizuri. Kila asubuhi ninajua nilifanya vizuri, na kila saa sita sijue tena.

Sasa hii ndiyo habari. Jumatano, wakati tunatwanga sombe, bijana batatu baliingia kiwanja yetu. Bale ba bunduki balibaacha njiani karibu na Lulimba, juu mukubwa wao aliitwa kuingia jeshi mupya na hakukuwa tena mizigo ya kubeba. Balitembea siku tisa. Babili ni ba Lubondja, balilala usiku moja tu na kukimbilia kwao. Wa tatu miguu yake imejaa vidonda, hakuweza kuendelea. Aliita kwa mulango, "Hodi, Yaya Émilienne," na mi nikamujua kwa ile sauti mbele ya kumuona uso.

Ni Muhire.

Nimemuambia yote, hata ya disketi. Nilimuambia uko unamutafuta. Akauliza, "Peke yake?" Nikasema ndiyo, peke yake. Akaweka kijiko chini. Akasema yeye hawezi kujua bado kama ana kasirani na wewe, na kwamba angependa ukuje umuambie kwa mudomo yako, halafu ataona. Tena alitaka kuondoka kesho yake akutafute, na vidonda vyake hivyo. Mama ndiye alimukatalia. Alimushika mukono na kusema, "We ukae. Mukitafutana hivyo mutapita kila mutu njia yake mupaka kiama."

Kwa mama yake nimetuma mutu wa ng'ombe, amebeba neno ndani ya kichwa yake, hakuna karatasi.

Norbert, niko na hasira yangu bado, siifiche. Lakini nimechoka kuibeba mbele ya kiti wazi. Acha kuuliza masoko. Mutu unayemutafuta iko hapa jikoni, Mama anamuongeza bugali, na yeye anakula akiangalia mulango.

Rudi.

Yaya yako,
Émilienne